Filamu Fupi za Watoto wa Waliohama: Wahindi wa Afrika Mashariki, Mapenzi ya Jinsia Moja na Suala la Kupona

Historia ya Wahindi wa Afrika Mashariki husimuliwa kwa kawaida kupitia mambo matatu: reli, duka na pasipoti. Makala haya yanakusudia kuipitia historia hiyo kwa mlango mwingine ambao haupitwi na wengi, nao ni filamu fupi zilizotengenezwa Uingereza na Kanada kati ya miaka ya katikati ya 1980 na mwaka 2000 na watoto wa familia za Kiasia ambao, juu ya kuwa wahamiaji, walikuwa pia wapenzi wa jinsia yao. Wawili kati ya watengenezaji watakaozungumziwa hapa ni wazaliwa wa miji yetu. Pratibha Parmar alizaliwa Nairobi mwaka 1955. Ian Iqbal Rashid alizaliwa Dar es Salaam na kukulia Toronto. Wa tatu, Richard Fung, ni Mchina wa Trinidad, mzaliwa wa Port of Spain mwaka 1954, na atatajwa kwa sababu itakayoonekana tutakapomfikia.

Wahakiki wa Ulaya na Amerika wamezoea kuzisoma filamu hizi kama madai: madai ya haki, madai ya kuonekana. Usomaji huo una ukweli wake, lakini unaiacha nusu ya jambo. Ninavyoziona mimi, kazi kubwa ya filamu hizi ni kujaribu kuyarudisha mazungumzo yaliyokatika ndani ya nyumba, baina ya mtoto na mzazi. Mazungumzo hayo yalikatwa mara mbili. Mara ya kwanza yalikatwa na kuhama, na mara ya pili na siri. Anayeifahamu siri peke yake bila kuifahamu safari iliyotoka Nairobi, Dar es Salaam au Kampala hawezi kuelewa kwa nini wazazi wa filamu hizi wananyamaza namna ile.

Kwa hiyo tuanze na safari. Kati ya mwaka 1896 na 1901 vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka India kuijenga reli kutoka Mombasa hadi Ziwa Viktoria. Karibu 2,500 walifariki kazini, na waliobaki baada ya mikataba yao kwisha walikuwa 6,700 hivi. Hata hivyo, wengi wa Wahindi waliojulikana baadaye kama wenye maduka, makarani na mafundi hawakutokana na vibarua hao. Walikuja kwa nauli zao kutoka Kutch, Kathiawar na Punjab, na baadhi yao walikuwa na jamaa Zanzibar na Mombasa kabla reli haijafikiriwa. Lugha zao zilichukua maneno yetu, nasi tukachukua yao: gari, bima, hundi, chapati. Kikutchi kilichosemwa majumbani Dar es Salaam na Mombasa kilijaa Kiswahili kiasi kwamba msemaji wa Kutch yenyewe angelazimika kuuliza maana.

Kuondoka kulikuja kwa awamu. Mwaka 1967 Kenya ilitunga sheria ya uhamiaji na sheria ya leseni za biashara ambazo ziliwabana wasio raia, na mwaka huohuo familia ya Parmar ikahamia Uingereza. Mapema mwaka 1968 Bunge la Uingereza likapitisha, kwa haraka ya siku chache, sheria ya kuwazuia Waasia wa Afrika Mashariki wenye pasipoti za nchi hiyohiyo wasiingie ovyo. Tanzania ilitaifisha majengo ya kupangisha mwaka 1971, na wengi wa waliopoteza walikuwa Waasia. Kisha likaja tangazo la Idi Amin la tarehe 4 Agosti 1972, lililowapa Waasia wa Uganda siku 90. Karibu 28,000 walikwenda Uingereza, na Kanada ikapokea zaidi ya 6,000.

Kwa wasomaji wetu wa Rwanda sihitaji kueleza kwa kirefu nyumba ya mkimbizi ilivyo. Wengi mlikulia Uganda, Burundi, Tanzania au Zaire katika familia zilizokimbia kuanzia mwaka 1959, na mnajua jinsi mzazi aliyepoteza nyumba na ng'ombe anavyoshika kwa nguvu kile ambacho hakikuweza kunyang'anywa. Kwa familia za Kihindi kitu hicho kiliitwa izzat, yaani heshima ya ukoo. (Neno hili limetoka katika mzizi uleule wa Kiarabu uliotupa sisi neno azizi.) Duka lilibaki Kampala, nyumba ikabaki Upanga, lakini izzat ilipanda ndege. Na mlinzi wa izzat alikuwa ndoa. Mtoto aliyekataa kuoa au kuolewa kama ilivyopangwa alionekana kama mtu anayetoboa mtumbwi wakati wenzake bado wako majini.

Sasa tujiulize, kwa nini filamu fupi? Jibu la kwanza ni la fedha, na wala halina haja ya kupambwa. Filamu ndefu ilihitaji mtaji ambao hakuna mtu angempa binti wa Kihindi asiye na jina. Kamera ya video, kwa upande mwingine, iliweza kukodishwa. Pia zilipatikana njia za kuonyesha. Channel 4 ya Uingereza ilianza kurusha matangazo Novemba 1982 ikiwa na wajibu wa kisheria wa kuwahudumia watazamaji waliopuuzwa na stesheni nyingine, na kuanzia mwaka 1989 ilikuwa na kipindi maalumu cha wapenzi wa jinsia moja. Wakati wenyewe ulikuwa mgumu: mwaka 1988 Uingereza ilipitisha kifungu mashuhuri, cha 28, kilichozikataza serikali za mitaa kuhamasisha ushoga, na kifungu hicho hakikufutwa Uingereza hadi mwaka 2003.

Toronto nako mambo yalikuwa na vikwazo vyake. Mwaka 1991 Ian Rashid na Kaspar Saxena walitengeneza video ya Bolo! Bolo! kuhusu UKIMWI miongoni mwa wahamiaji wa Asia Kusini. Bolo kwa Kihindi ni amri: sema! Ilirushwa katika mfululizo wa video za UKIMWI kwenye televisheni ya kebo ya jamii, na kwa sababu ilionyesha wanaume wawili wakibusiana, kampuni ya kebo iliukatiza mfululizo mzima. Video iliyosema "sema" ikanyamazishwa. Lakini jukwaa jingine lilikuwa tayari limezaliwa. Mwaka 1988 kikundi cha wanaume wa Asia Kusini cha Toronto kiliandaa tamasha ambalo baadaye likaitwa Desh Pardesh, yaani nchi ya nyumbani na nchi ya ugenini, na Rashid alikuwa mmoja wa waanzilishi wake. Tamasha hilo liliendelea hadi mwaka 2001. Watu wengi walioona filamu hizi kwa mara ya kwanza waliziona katika kumbi za namna hiyo, wakiwa wamekaa bega kwa bega na watu ambao hawakujua kama wapo.

Tuje kwenye filamu zenyewe, na tuanze na Parmar. Sari Red, ya mwaka 1988, ina dakika kumi na mbili hivi. Ni maombolezo ya msichana wa Kihindi aliyeuawa Uingereza mwaka 1985 katika shambulio la ubaguzi wa rangi. Mtazamaji anayengoja habari kama za gazeti atachoka mapema. Hakuna polisi, hakuna mahakama. Kuna sauti inayosimulia na kurudia, kuna maji, na kuna kitambaa chekundu cha sari. Wekundu huo una kazi mbili. Ni damu iliyomwagika barabarani, na ni rangi ya sari ambayo wanawake huvalishana, rangi ya ukaribu wao. Parmar hakutenganisha mambo hayo mawili. Kwake mwili unaoshambuliwa mtaani na mwili unaopendwa chumbani ni mwili mmoja, na ukiomboleza mmoja umemwombolezea mwingine. Hapa ndipo ninapopata maana ya kwanza ya kupona katika filamu hizi: kwanza msiba ukubalike kuwa ni msiba. Watu wa Pwani wanajua kwamba matanga yasiyokaliwa hayaishi.

Miaka mitatu baadaye alitoa Khush, ya dakika 24, iliyoagizwa na Channel 4. Wanaume na wanawake wa asili ya Asia Kusini wanahojiwa Uingereza, Amerika Kaskazini na India kwenyewe. Wanayoyasema yanajulikana: upweke, ubaguzi kutoka kwa wazungu, hofu kwa wazazi. Kilichonishangaza mimi ni kinachopita katikati ya mahojiano. Wanawake wawili wamekaa pamoja wakitazama ngoma kutoka filamu ya zamani ya Kihindi. Katika filamu ya asili mchezaji anatazamwa na mwanamume. Parmar aliikata na kuiunga upya ile sehemu, akamwondoa mwanamume, na sasa wanaomtazama mchezaji ni hao wanawake wawili. Hakuna hotuba. Kwa mkasi tu, filamu ambazo mama zetu na mama zao walizitazama katika majumba ya sinema ya Nairobi, Kampala na Zanzibar zimerudishwa kwa binti ambao hawakuwahi kuhesabiwa kuwa watazamaji wake. Ukubwa wa jambo hili hauonekani upesi kwa mtu asiyejua sinema ya Kihindi ilikuwa nini kwa familia hizo. Ilikuwa ndiyo India yao, kwa wale waliozaliwa Afrika na hawakuwahi kuiona India.

Jina la filamu lina somo lake kwa idara kama yetu. Khush ni neno la Kiajemi lililoingia katika Kiurdu na Kihindi, na maana yake ni furaha. Wapenzi wa jinsia moja wa Asia Kusini walilichukua likawa jina lao wenyewe; hata kile kikundi cha Toronto kilijiita hivyo. Katika semina moja ya tafsiri niliwapa wanafunzi kazi ya kulitafutia neno la Kiswahili kwa ajili ya maandishi ya chini ya picha. Wa kwanza alitoa shoga. Mwenzake aliyekulia Mombasa alicheka, akasema mama yake ana mashoga wengi na wote ni wake za watu. Naye alikuwa sahihi. Kamusi iliyohaririwa na Frederick Johnson mwaka 1939 inalieleza neno hilo kuwa la kuitana wanawake marafiki, na Pwani bado linasikika hivyo. Maana ya pili imelifunika bara na katika magazeti. Hanithi, basha na msagaji yaliwekwa ubaoni, yakafutwa, kwa kuwa ni maneno ya kumwambia mtu na wala si ya mtu kujiita. "Wapenzi wa jinsia moja" ni msamiati wa warsha. Ni salama lakini umepoa. Hatimaye mwanafunzi mmoja akapendekeza tuliache khush lilivyo, akihoji kwamba lugha iliyokubali gari na chapati kutoka kwa watu haohao haiwezi kushindwa na silabi moja. Baadhi walipinga. Sikuamua mjadala huo.

Tukiwa hapo, ipo hoja ya sheria ambayo hudhaniwa ina asili ya kwetu. Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860, pamoja na kifungu chake cha 377, iliandikwa na Waingereza, na wao hao wakaitumia katika makoloni yao ya Afrika Mashariki mpaka mwaka 1930, zilipotungwa kanuni mpya za Kenya, Uganda na Tanganyika ambazo zilihifadhi katazo lilelile. Kwa hiyo familia iliyotoka Gujarat kwenda Nairobi ilisafiri na kifungu hicho bila kukijua. Mahakama Kuu ya Juu ya India ilikiondolea nguvu tarehe 6 Septemba 2018 kwa watu wazima wanaokubaliana. Mahakama Kuu ya Kenya, tarehe 24 Mei 2019, ilikataa kufanya hivyo. Uganda ilitunga sheria kali zaidi mwaka 2023. Wazaliwa wa miji hii waliotengeneza filamu zao London na Toronto walizitengenezea huko kwa sababu ambazo msomaji anaweza kuzihesabu mwenyewe.

Surviving Sabu ya Ian Iqbal Rashid, iliyotolewa mwaka 1998, haifiki hata dakika ishirini, lakini ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Sabu alikuwa mtu kweli. Alizaliwa mwaka 1924 karibu na Mysore, mtoto wa mtunza tembo, akachukuliwa kuigiza katika Elephant Boy ya mwaka 1937, kisha akawa nyota wa Hollywood, akifungwa kilemba na kuachwa kifua wazi filamu baada ya filamu. Alifariki mwaka 1963, hajafikisha miaka arobaini. Katika filamu ya Rashid, kijana aitwaye Amin anatengeneza filamu kuhusu Sabu pamoja na baba yake, Sadru. Baba anamwona Sabu kuwa shujaa: Mhindi aliyefika juu, aliyependwa na wazungu. Mwana anamwona mtumwa wa macho ya wazungu, kikaragosi. Wanabishana juu ya Sabu, na taratibu mtazamaji anaelewa kwamba wanachobishania si Sabu tena. Ni nani anaruhusiwa kutazamwa, na kwa mapenzi gani. Kijana ni mpenzi wa wanaume, baba analijua hilo kwa namna ambayo wazazi hujua mambo ambayo hawajaambiwa, na Sabu amekaa baina yao kama meza.

Rashid alifanya jambo la busara hapa. Hakumfanya baba kuwa katili, na hakumpa mwana ushindi. Kipenzi cha baba kwa Sabu kinaeleweka: mtu aliyevuka bahari mara mbili anahitaji ushahidi kwamba mtu wa sura yake aliwahi kufika mahali. Na kifua cha Sabu, ambacho mwana anakidharau kwa akili, ni miongoni mwa vifua vichache vya Mhindi ambavyo sinema ya kizungu ilimruhusu kijana wa namna yake avitamani. Kila mmoja anadaiwa na Sabu kitu ambacho hawezi kukitaja mbele ya mwenzake. Ubishi juu ya filamu unawapa njia ya kuzungumza bila kutazamana usoni, kama baba na mwana wanaotengeneza baiskeli. Uponyaji wa filamu hii ni mdogo kiasi hicho. Wanaendelea kuzungumza.

Nimesema Richard Fung atatajwa kwa sababu. Hakutoka Afrika Mashariki, lakini alitangulia. Mwaka 1984 alitengeneza Orientations, filamu ya Waasia wapenzi wa jinsia moja wa Toronto, wakati ambapo hata kuwaweka watu hao mbele ya kamera kwa nyuso zao lilikuwa jambo jipya. Na mwaka 2000 alitoa Sea in the Blood, ya dakika 26, ambayo kwa maoni yangu inalizungumzia suala la kupona kwa uaminifu kuliko nyingine. Dada yake alizaliwa na thalasemia, ugonjwa wa damu wa kurithi, na nyumba nzima huko Trinidad iliishi kwa saa ya ugonjwa huo. Mwaka 1977 Fung alikuwa safarini na mpenzi wake, Tim McCaskell. Dada akafariki kabla hajarejea. Baadaye Tim naye akagundulika kuwa na virusi vya UKIMWI. Jina la filamu limetokana na jina la ugonjwa lenyewe, kwani kwa Kigiriki thalassa ni bahari na haima ni damu. Ndani yake wanaume wawili wanaogelea chini ya maji mekundu, wakipishana.

Mama wa Fung anazungumza katika filamu hiyo. Mtoto anamhoji mama juu ya binti aliyekufa, na juu ya safari ambayo mtoto huyohuyo alichagua kuwa nayo mbali na nyumbani. Kiswahili kinatofautisha kutibu na kuponya, na tofauti hiyo inafaa hapa. Thalasemia haikutibika kwa dada yake. Virusi vya Tim vilipata dawa, havikuondoka. Hakuna aliyetibiwa kikamilifu katika filamu hii, na bado mtazamaji anaona kidonda kikianza kufunga, kwa kuwa kimetoneshwa mbele ya mwenye haki ya kukiona.

Baada ya hapo wote walitafuta uwanja mpana zaidi. Rashid alitoa Touch of Pink mwaka 2004, kichekesho kuhusu kijana wa Kiismailia anayeishi London na mwanamume, na mama yake anayefunga safari kutoka Toronto kuja kumtafutia mchumba. Parmar alitoa Nina's Heavenly Delights mwaka 2006, yenye jiko la Kihindi la Glasgow. Zote zinatazamika, na jioni ya Ijumaa ningezichagua hizo. Lakini zinataka kumalizika vizuri, zinampatanisha kila mtu kabla taa hazijawashwa, na hapo zinapoteza kile kimya ambacho filamu fupi ziliweza kukivumilia. Fung alirudi kwa watu wake wa mwanzo mwaka 2016 katika Re:Orientations, akawaketisha saba kati yao na kuwahoji tena, wakiwa sasa na umri wa wazazi wao wa mwaka 1984.

Muhula huu semina ya tafsiri inashughulikia jina Surviving Sabu, na hatujafika mbali. Kunusurika Sabu kunamfanya ajali. Kusalimika na Sabu kunamfanya vita. Kundi moja limeleta "Kuishi Baada ya Sabu", ambalo ni sahihi kwa mwana. Mwanafunzi mmoja wa nyuma, ambaye huzungumza kwa nadra, aliuliza kama tumemuuliza baba, kwa sababu kwa Sadru hakuna kilichohitaji kunusurika. Angeandika "Sabu" tu, kwa herufi kubwa, kama lilivyokuwa likiandikwa katika mabango ya sinema.